Wapigaji Ishirini na Saba

Kazi yangu kwa miaka kumi na minane ilikuwa kutaja watu waliofanya vizuri jana. Si leo wala si kesho, jana. Kila siku ya msimu wa besiboli tulikaa katika jengo fupi la matofali nje kidogo ya Fort Worth, kati ya ghala la matairi na ghala la mafriji, tukapekua karatasi za michezo iliyochezwa siku iliyotangulia na kuchagua wapigaji watano na warushaji watatu waliowapita wenzao. Orodha ilitoka saa nane mchana ikaenda magazetini na kwenye vituo vya redio, kuanzia Dallas mpaka Houston, na katika miji midogo ambayo hata mume wangu Salim, dereva wa lori, alikuwa akiipita bila kupunguza mwendo. Nimestaafu mwezi uliopita. Nyinyi wa zamu ya asubuhi, ambao wengi wenu mliingia kazini kwa mkono wangu, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, tena kwa Kiswahili, ili wakubwa wasisome. Sawa. Ingawa sina la kuwaficha wakubwa ila jina la aliyeunguza mashine ya kahawa, na hilo silitaji hata kwa Kiswahili.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mpira niliokulia nao unapigwa kwa mguu. Kabla ya kumfuata Salim huku nilikuwa karani bandarini, katika kampuni ya kutoa mizigo, nikilinganisha orodha ya meli na shehena iliyoteremshwa. Fort Worth nilianza kwa kupanga mafaili ya wagonjwa katika hospitali moja, miaka mitatu, mgongo ukaniuma. Siku moja nikaona tangazo dogo gazetini: anatakiwa mtu mwenye jicho la kuona kosa, ujuzi wa michezo si lazima. Salim alicheka sana. Alisema, "Jicho la kuona kosa? Hao wamekuandika wewe kwa jina."

Siku ya kwanza nilipokewa na mzee mmoja mrefu, Vernon, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia orodha. Alivaa suruali ya mikanda ya mabegani na alikuwa na penseli mbili, moja mkononi na moja nyuma ya sikio, na mara kwa mara akiitafuta ya pili. Akaniuliza kama naijua besiboli. Nikamwambia siijui hata kidogo. "Vizuri," akasema. "Wanaoijua huona wanachotaka kuona." Akanipa karatasi, rula ya plastiki ya kijani na kiti kilichoegemea upande mmoja. Kiti kile nilikaa nacho miaka tisa.

Karatasi yenyewe tuliiita boksi. Ni jedwali la mchezo mmoja: majina ya wapigaji yakishuka upande wa kushoto, na mbele ya kila jina tarakimu za alichofanya. Siku ile Vernon alinieleza mchezo mzima kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anasimama na gongo lake. Akifanikiwa, anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alikoanzia, na hapo amefunga. Timu ina vipindi tisa vya kupiga, na kila kipindi kinakwisha watu watatu wakishatolewa. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo kazi yenyewe, mengine yote ni mapambo. Kila anayesimama kupiga lazima awe na mwisho wake: ama amefunga, ama ametolewa, ama kipindi kimekwisha angali amekwama kituoni. Hakuna mwisho wa nne. Kwa hiyo ukijumlisha waliofunga, waliotolewa na waliokwama, lazima upate idadi ileile ya waliosimama. Usipoipata, kuna mtu amepotea, na hakuna mtu anayepotea uwanjani. Mtafute.

Nilijiona nimerudi bandarini. Kilichoshuka, kilichoharibika, kilichobaki melini. Wiki ya kwanza nililinganisha maboksi zaidi ya mia na sikujua hata mpira wenyewe una rangi gani.

Sasa nitawaambia dhambi ya kazi hii, maana kila karani ataifanya mara moja. Ni kugusa hesabu ya waliokwama. Hakuna msomaji anayeiangalia. Mpigaji hadai, mrushaji hadai, kocha hana habari nayo. Boksi likikataa kulingana kwa mtu mmoja, unaongeza mmoja kwa waliokwama, linalingana, unakwenda nyumbani. Mwezi wangu wa pili tulikuwa na wageni wa arusi kutoka Houston, na kuku walikuwa bado kwenye friji. Boksi la mji mmoja wa magharibi likagoma. Nikaongeza mmoja.

Vernon aliligundua kesho yake asubuhi. Hakupaza sauti. Alinisogezea simu na kuniambia nimpigie mwandishi wa uwanja ule, yule anayeandika mchezo unavyokwenda, nimwambie nimemzulia mtu kwenye karatasi yake. Nikapiga. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo kuku wa wageni nimekuwa nikiwatoa kwenye friji alfajiri.

Kuchagua wa kuingia katika orodha kulikuwa na ugomvi wake. Vernon aliwapenda warushaji waliomaliza vipindi vyote tisa bila kusaidiwa; alisema wengine ni wapita njia. Mimi niliwapenda wapigaji wa timu zilizoshindwa. Mtu amepiga vizuri mara nne na timu yake imefungwa kumi kwa moja, nani mwingine atamtaja? Tulikuwa tukibishana juu ya mtu wa tano kila siku, na mara nyingi nilishinda, kwa sababu Vernon alikuwa akisikia njaa mapema.

Katikati ya miaka ya tisini mambo yakaanza kuchachuka. Nilipoanza, mpigaji aliyetoa mpira nje ya uwanja kwa gongo lake, pigo kubwa kuliko yote, mara mbili kwa siku alikuwa na nafasi yake bila mjadala. Miaka michache baadaye wakawa wanaotoa mara mbili ni wengi kama maharage, na tukaanza kuwaacha. Picha zao zilipokuja nikaona shingo zimenenepa kuliko msimu uliopita. Nilimwuliza Vernon hawa watu wanakula nini, au wanadungwa sindano gani. Akasema hesabu inalingana, kwa hiyo si kazi yetu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akisema neno kwa aibu.

Kuna siku mvua ilifuta kila mchezo, Dallas, Houston, kote, na kituo kimoja cha redio bado kikataka orodha ya waliong'ara. Tuliwapelekea jina la mlinzi wa jengo letu, aliyekamata panya wawili. Walisoma hewani. Vernon aliwaomba radhi kwa maandishi, lakini nakala ya ile orodha aliiweka mkobani.

Salim naye alikuwa na mzaha wake mbele ya wageni. "Mke wangu," alikuwa akisema, "anawajua wanaume mia saba kwa majina, na hajamwona hata mmoja." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba ndiyo maana tunaelewana nao.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia tukaletewa kompyuta. Unaingiza tarakimu, inajumlisha yenyewe, na boksi likilingana inatoa alama ya kijani. Vernon aliichukia. Mimi si mtu wa kuipinga mashine inayonifikisha nyumbani mapema. Hapo ndipo nyinyi mlipoanza kuingia mmoja mmoja, wanafunzi wa Kenya, vijana wa Unguja, binti mmoja wa Bukavu aliyekuwa akitukana kwa Kifaransa, na mkaiona rula yangu mkadhani ni ya kukunia mgongo. Sikuwalaumu. Alama ya kijani ni kitu kitamu.

Nitakayoeleza sasa baadhi yenu mliyaona, lakini mliyaona kwa upande mmoja. Wiki ile Vernon alikuwa hospitalini kupasuliwa macho. Kwa mara ya kwanza orodha ilikuwa itoke kwa saini yangu, na mnajua desturi yetu: mwenye saini ndiye mwenye lawama. Alhamisi asubuhi faksi ikaleta boksi kutoka klabu moja ndogo kusini ya Houston. Ni zile ligi ambazo wachezaji wake hawamilikiwi na timu yoyote kubwa. Wanalala moteli, wanasafiri kwa basi, wanaomba Mungu waonekane. Mchezo ulikuwa wa Jumatano saa sita mchana, mbele ya watu wachache. Juu ya karatasi mtu aliandika kwa kalamu nene: MCHEZO KAMILI.

Kwa asiyejua, mchezo kamili ni huu: mrushaji mmoja, vipindi vyote tisa, na hakuna hata mpigaji mmoja wa upande wa pili aliyekanyaga kituo chochote. Si kwa pigo, si kwa kosa, si kwa huruma ya mwamuzi. Ishirini na saba wanakuja, ishirini na saba wanarudi kuketi. Mtu anaweza kufanya kazi yetu maisha yake yote asiupate. Mmoja wenu, simtaji, alipanda juu ya kiti akapiga kigelegele. Mkaingiza tarakimu kwenye kompyuta. Ikatoa alama ya kijani.

Nikaichukua karatasi, nikaweka rula, nikashuka nayo mstari kwa mstari. Kwa mazoea tu. Sikuwa nikitafuta kitu. Waliosimama ishirini na saba. Waliofunga hakuna, waliokwama hakuna, waliotolewa ishirini na saba. Safi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini kabisa ya boksi kuna mstari wa herufi ndogo ambao hauingii katika jumla yoyote. Hapo huandikwa mambo ya pembeni. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba timu ya mrushaji iliwatoa watu wawili kwa mpira mmoja, mara moja.

Nikaiweka rula chini. Ili uwatoe watu wawili kwa mpira mmoja, lazima wawe wawili: anayepiga, na mwingine aliyekwisha kuwa kituoni. Kama hakuna aliyefika kituoni, yule wa pili alitoka wapi? Na kama alikuwapo mmoja, akatolewa pamoja na mwenzake, basi hesabu bado ingekuwa ishirini na saba kwa ishirini na saba, bila aliyekwama. Ingelingana. Ama kompyuta ilisema kweli na bado mchezo haukuwa kamili, au ile "moja" ilikuwa kosa la aliyechapa na mchezo ulikuwa kamili. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nikampigia mtu wa habari wa klabu, Dale. Katika klabu hizo mtu wa habari ndiye pia anayekata tiketi na kufunika uwanja kwa turubai mvua ikinyesha. Nilimwuliza kama aliuona mchezo tangu mwanzo.

"Tangu kipindi cha tatu," alisema. "Muuza soseji hakuja kazini, nikasimama mimi. Lakini nimehesabu kwenye karatasi. Ishirini na saba walikuja, ishirini na saba waliketi."

"Na hao wawili waliotolewa kwa mpira mmoja?"

"Kidole kimeteleza kwenye mashine. Mama, sikiliza." Sauti yake ikashuka. "Travis ana miaka thelathini na mitatu. Mkataba wake unakwisha mwezi wa nane na hatutampa mwingine. Jana jioni nimezungumza na mtu wa timu moja kubwa anayenunua warushaji. Kaniambia mtu wa umri huo hamtaki hata kwa bure, lakini kama ametupa mchezo kamili, na akauona kwenye orodha yenu, Ijumaa atatuma gari limchukue."

"Kwenye orodha yetu?"

"Kasema orodha yenu haidanganyi."

Nilimwambia nitampigia tena. Mwandishi wa uwanja alikuwa njiani kwenda Louisiana kuvua samaki, na simu yake ililia kwenye nyumba tupu. Hospitalini waliniambia Vernon yuko kwenye chumba cha upasuaji. Nikajiona peke yangu kweli kweli. Mimi ni nani, nilijiuliza, mwanamke wa Kuze kule Mombasa ambaye hajui kulishika gongo, nimnyang'anye mwanamume siku yake bora kwa ajili ya tarakimu moja inayoweza kuwa kidole kilichoteleza? Na nikiinyamazia, nikaweka saini?

Ndipo nikamkumbuka Mama Kevin. Wairimu, mama yake Kevin, muuguzi, tulifanya kazi pamoja katika ile hospitali ya Fort Worth kabla hajahamia Pearland, jirani na uwanja wa klabu ile. Huko alikuwa akitunza wazee katika nyumba yao, na Jumapili aliniambia kwenye simu kwamba Jumatano wangewapeleka wazee kutazama mpira, kwa kuwa saa sita mchana wazee huingia kwa bei ya maji. Nikampigia kazini.

"Mama Fatma! Kuna nini? Watoto wako sawa?"

"Wako salama. Jana mlikwenda mpirani?"

"Tulienda. Jua ilituchoma, wacha tu. Kwani ni nini?"

"Uliona mtu yeyote wa upande wa wageni akifika kituo cha kwanza?"

"Aii, mimi? Mimi nilikuwa busy na sunscreen. Na kuna mmoja alikuwa anataka bathroom kila five minutes. Hiyo mpira mimi siifuatangi." Kisha akakumbuka. "Lakini kuna Mr. Leonard. Huyo huandika kila kitu kwa notebook, every game, na hiyo mikono yake vile inatetemeka. Jana hata alinikasirikia juu nilisimama mbele yake."

"Mama Kevin, nisomee hicho kitabu. Tafadhali."

"Sasa hivi yuko therapy. Ngoja akitoka nita-call."

Alinipigia saa sita na robo. Mzee Leonard alikuwa na miaka tisini na zaidi, zamani alifanya kazi ya reli, na hakukubali kitabu chake kisomwe na mtu mwingine. Angekisoma mwenyewe. Lakini masikio yake hayakusikia simu, kwa hiyo mimi nilimwuliza Wairimu, Wairimu akampigia kelele, mzee akajibu, Wairimu akanirudishia. Na mzee hakukubali pia tuanzie katikati. Tulianza kipindi cha kwanza, na kabla ya kipindi cha kwanza alitaka kuniambia hali ya hewa.

"Anasema upepo ilikuwa inatoka left," Wairimu alinong'ona. "Mama Fatma, hii kitu imeandikwa kama prescription ya daktari. Lakini anaisoma tu bila shida."

Kipindi cha kwanza, watatu wametolewa. Kipindi cha pili, wa kwanza ametolewa. Kisha nikasikia kurasa, na sauti ya mzee kwa mbali ikipanda.

"Anasema huyu wa pili alipewa first base. Anasema yule wa kudaka, mwenye anachuchumaa nyuma, glove yake iligusa gongo. Referee akamwambia jamaa aende tu. Ni hivyo?"

"Ni hivyo," nilisema. "Na aliyefuata?"

Wairimu akauliza, akarudi. "Aliyefuata alipiga ikaenda chini, wakatolewa wote wawili. At once. Anasema ilikuwa poa sana. Halafu anasema..." Nikasikia akimwuliza tena. "Anasema jana watu wakipiga kelele ati perfect, yeye aliwaambia si perfect. Aliwaambia mara mbili. Anasema mtu wa wheelchair hakuna mwenye humsikia."

Nilimwambia Wairimu ampe mkono mzee kwa niaba yangu na amwambie nimemsikia mimi. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Nilimpigia Dale. Nilimweleza kitabu cha mzee, akasema, "Mzee wa miaka tisini."

"Ndiye pekee aliyekuwa akiandika."

"Basi usiandike uongo. Andika tu maneno mawili, mchezo kamili, na huo mstari wa chini uuache. Nani atakayeumia?"

Hakuna ambaye angeumia. Yule mpigaji aliyefika kituoni kwa kosa la mdakaji alikuwa kwenye basi, na sidhani alijali. Travis angepata gari lake Ijumaa. Mimi ningepata shukrani. Kilichonizuia ni kwamba niliwaona wote wengine, kila aliyewahi kuingia katika orodha ile kwa haki, wale wa timu zilizofungwa kumi kwa moja, na nikajua kwamba huyu akiingia kwa huruma, basi yule mtu wa timu kubwa kesho atakuwa na haki ya kujiuliza kama na wale waliingizwa kwa huruma. Jina jema la orodha lilikuwa ndilo kitu pekee nilichokuwa na uwezo wa kumpa Travis, na ningeliharibu kwa kumpa.

Nikaandika: Travis, vipindi tisa, hakuna aliyefika kituoni kwa pigo, kumi na watatu walikosa mpira kabisa, mmoja alifika kituo cha kwanza kwa kosa la mdakaji. Nikamweka wa kwanza kati ya warushaji. Nikatia saini. Mkaniona nimekwenda kusimama nje kwenye jua la mwezi wa sita bila kofia, mkadhani nasikiliza simu, kumbe nilikuwa nalia. Orodha ilitoka saa nane kamili.

Mwandishi wa uwanja alirudi kutoka kuvua samaki akathibitisha kila neno la mzee Leonard. Vernon alipofunguliwa macho nilimsomea karatasi ile mwenyewe, naye akasema ni sawa, na akaniuliza nani alikuwa mtu wa tano katika wapigaji. Ijumaa gari halikuja. Kama mnataka kujua kazi hii inagharimu nini, ni hapo.

Jumatatu asubuhi simu ililia mezani kwangu. Alikuwa mtu mwenye sauti ya taratibu, ya kijijini, aliyeniita mama tangu salamu ya kwanza, kama wafanyavyo watu wa huku wakimheshimu mwanamke. Alisema yeye ni Travis. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na kwa kweli ningependelea.

"Ni mzee gani aliyekuambia?" aliuliza.

"Mzee alithibitisha. Karatasi ndiyo iliyoniambia. Ule mstari wa chini."

"Mimi nilijua," alisema. "Dale alipokuja mbio akipiga kelele, nilifungua mdomo nimwambie, wenzangu wakawa wameshanimwagia ndoo ya barafu. Nikaufunga. Mpaka orodha yenu ilipotoka niliufunga. Mke wangu alikuwa ameshaanza kufunga mizigo."

Nikamwambia pole. Nikamwambia niliumia kuandika vile, na kwamba siku yake ilikuwa bora kuliko siku yoyote ya mrushaji niliyoiona msimu ule.

"Miaka kumi na mmoja natupa mpira," alisema. "Watu husoma pale juu tu, tumeshinda au tumeshindwa. Wewe ulisoma mpaka chini."

Nilisikia gari likipita nyuma yake, na mtoto akiita.

"Kuna njia yoyote ya kuurudisha?" aliuliza. "Ule mchezo kamili. Marekebisho, chochote?"

"Hakuna," nikamwambia.

"Nilijua," alisema Travis. "Nilitaka tu nimwulize mtu ambaye hatanidanganya."